Waimbaji wa Makanisa na Nyumba za Mvinyo katika London ya Kale

Vitabu vingi vinavyosimulia historia ya muziki wa London huyaweka makanisa katika sura moja na nyumba za pombe katika sura nyingine, kana kwamba muziki wa ibada na muziki wa starehe ulikuwa na watu wake mbalimbali. Mgawanyo huo humrahisishia kazi mwandishi, lakini hauafikiani na kumbukumbu za karne ya 17 na ya 18, ambazo zinaonyesha kwamba koo zilizoimba zaburi alasiri ndizo zilizoimba usiku mezani, na kwamba mwanamuziki wa mji huo hakuweza kuishi kwa mlango mmoja tu kati ya hiyo miwili. Nyumba za pombe zenyewe hazikuwa za aina moja. Ya hadhi ya juu ilikuwa taverna, yaani nyumba ya mvinyo, iliyokuwa na vyumba vikubwa vya ghorofani vya kukodisha kwa karamu na mikutano. Chini yake kilikuwapo kilabu cha bia cha watu wa kawaida. Na kando yao ilikuwapo nyumba ya wageni, iliyouza vinywaji na kulaza wasafiri pamoja na farasi wao. Muziki ulisikika katika zote tatu, ingawa ni taverna iliyoacha alama kubwa zaidi.

Mwanzo wa uhusiano huo unaotajwa mara kwa mara ni vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyozuka Uingereza mwaka 1642. Wapuriti, Waprotestanti wa msimamo mkali waliotaka ibada isiyo na mapambo, walishika Bunge, wakafunga majumba ya maigizo mwaka huohuo, na mwezi Mei 1644 wakapitisha agizo la kuondoa vinanda makanisani. Kinanda kinachosemwa hapa ni kile kikubwa cha mabomba, kinachopuliziwa upepo kwa mivukuto, na ambacho kilihitaji fundi, mpigaji na kijana wa kuvuta mivukuto. Vinanda vingi vilivunjwa na mabomba yake ya risasi na bati yakauzwa, lakini si vyote vilivyopotea, kwani katika maandishi yaliyochapishwa mwaka 1659 mwandishi John Evelyn alidhihaki kwamba Waingereza wamevihamisha vinanda kutoka makanisani na kuvisimika katika nyumba za mvinyo. Hata kama mwandishi huyo alitia chumvi, wapiga vinanda waliopoteza ajira walipaswa kula, na mwenye nyumba ya mvinyo alikuwa miongoni mwa wachache waliokuwa tayari kuwalipa. Utawala uliona jambo hilo, na sheria ya mwaka 1657 dhidi ya wazururaji iliwahesabu wapiga fidla waliokutwa wakipiga muziki katika vilabu na nyumba za mvinyo kuwa wahuni wanaostahili adhabu.

Ufalme uliporejeshwa mwaka 1660, kwaya zilirudi makanisani, lakini ile desturi ya taverna haikurudi nyuma. Roger North, mwanasheria aliyeandika kumbukumbu nyingi za muziki wa zama zake, anaeleza juu ya kilabu kimoja katika kichochoro nyuma ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo, ambamo mlikuwa na kinanda kidogo, na ambamo wenye maduka walikusanyika kila juma ili kuimba pamoja, kusikiliza, kunywa bia na kuvuta tumbaku. Mahali hapo hapakuwa na wasikilizaji wa kulipa kiingilio, kwa kuwa kila aliyekuja aliweza kushika sehemu yake ya sauti, na faida ya mwenye kilabu ilitoka kwenye vikombe. Hatua iliyofuata ilichukuliwa na John Banister, mpiga fidla aliyewahi kuongoza wanamuziki wa Mfalme Charles II, ambaye aliishi katika zama ambapo mishahara ya wanamuziki wa ikulu ilicheleweshwa kwa miaka. Mwishoni mwa Desemba 1672 alitangaza katika gazeti la serikali kwamba muziki ungepigwa nyumbani kwake Whitefriars kila siku kuanzia saa kumi alasiri, na kama kielekezi akataja taverna iliyokuwa mkabala. North anasema kiingilio kilikuwa shilingi moja, kwamba viti na meza ndogo vilipangwa kwa mtindo wa kilabu cha bia, na kwamba wanamuziki walikaa nyuma ya pazia. Wanahistoria wengi huyahesabu maonyesho hayo kuwa ya kwanza ya umma yenye kiingilio katika Uingereza, na inafaa kuzingatiwa kwamba aliyeyabuni hakuwa na mfano mwingine wa ukumbi wa kuiga isipokuwa kilabu.

Kanisa kwa upande wake lilikuwa likijijenga upya, kwa maana halisi ya neno hilo, baada ya moto wa Septemba 1666 kuteketeza nyumba zipatazo 13,200 na makanisa ya mitaa 87 pamoja na kanisa kuu lenyewe. Msanifu Christopher Wren alijenga upya makanisa 51, na kila moja lilipopata fedha lilitamani kinanda, jambo lililowanufaisha mafundi wawili waliochukiana, Bernard Smith na Renatus Harris. Katika miaka ya 1680 kila mmoja alisimika kinanda chake ndani ya Kanisa la Temple, la wanasheria, ili wenyewe wachague kimoja, na mashindano hayo yakaendelea kwa miaka kadhaa huku watunzi John Blow na Henry Purcell wakikipiga kile cha Smith mpaka kikashinda. Kanisa kuu jipya nalo lilipewa kinanda cha Smith, kikasikika katika ibada ya ufunguzi tarehe 2 Desemba 1697. Purcell alikuwa mpiga kinanda wa Westminster Abbey tangu mwaka 1679, na Te Deum yake ya mwaka 1694, iliyotungwa kwa sikukuu ya Mtakatifu Sesilia, msimamizi wa wanamuziki, iliendelea kuimbwa kwa vizazi. Mtunzi huyohuyo aliacha zaidi ya nyimbo 50 za kufukuzana. Katika wimbo wa aina hiyo sauti tatu au nne huimba tuni ileile, kila moja ikianza baada ya nyingine, na maneno hupangwa kwa ujanja ili yanapogongana yatoe maana ambayo hakuna mwimbaji mmoja aliyeitamka. Nyingi kati ya hizo ni za ulevi na matusi, na zilitungwa kwa ajili ya meza ya taverna. Wachapishaji wa baadaye waliona haya, wakazibadilishia maneno. Watu wa zama zake hawakuonekana kusumbuka.

Sababu ya mtu mmoja kusimama pande zote mbili ilikuwa ya kiuchumi kabla ya kuwa ya tabia. London ilikuwa na kwaya tatu kubwa: ya Mtakatifu Paulo, ya Westminster Abbey, na ya Chapel Royal, ambayo jina lake lamaanisha kanisa la kifalme lakini kwa hakika halikuwa jengo bali kundi la makasisi na waimbaji waliomfuata mfalme. Posho ya kwaya moja haikutosha, hivyo waimbaji wengi walishika nafasi katika mbili au hata zote tatu, wakipeana zamu na kutuma wa kuwashikia, na saa za jioni wakauza sauti zao kwingine. George Frideric Handel, mgeni kutoka Ujerumani, aliuzoea upesi utaratibu huo. Mwanahistoria John Hawkins anaeleza kwamba alipenda kwenda kupiga kinanda katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo, na sala za alasiri zilipokwisha aliandamana na wakuu wa kwaya hadi taverna ya Queen's Arms, iliyokuwa katika uwanja wa kanisa hilohilo na yenye kinanda cha nyuzi, ambamo muziki uliendelea pamoja na vinywaji.

Taverna iliyozishinda nyingine zote kwa umuhimu ni Crown and Anchor ya barabara ya Strand. Hapo, mwezi Januari 1726, kilianzishwa chama kilichokuja kujulikana kama Academy of Ancient Music, ambacho wanachama wake wa mwanzo walikuwa hasa waimbaji wa zile kwaya tatu, na lengo lake lilikuwa kuimba kazi za watunzi wa zamani kama Palestrina na Byrd, ambazo makanisa yalikuwa yakizisahau. Kwa maneno mengine, muziki mtakatifu wa kale ulihifadhiwa juu ya ghala la mvinyo. Ugomvi ulizuka mwaka 1731 juu ya wimbo mmoja ambao mtunzi Giovanni Bononcini alidaiwa kuuiba kutoka kwa Antonio Lotti wa Venice, na Maurice Greene, mpiga kinanda wa kanisa kuu, akaondoka na waimbaji wake kwenda taverna nyingine karibu na Temple Bar. Jina la taverna hiyo lilikuwa Devil, yaani Shetani, na mtu anaweza kufikiri mwenyewe mizaha iliyotungwa.

Tarehe 23 Februari 1732, siku ya kuzaliwa ya Handel, Bernard Gates, mwalimu wa watoto wa Chapel Royal, aliwaongoza watoto hao katika Crown and Anchor kuigiza Esther, kazi ambayo Handel aliitunga zaidi ya miaka kumi kabla kwa mwajiri wake wa Cannons, nje kidogo ya mji. Hadithi ilikuwa ya Biblia, waimbaji walikuwa wa kanisa na wote wa kiume, mavazi na matendo yalikuwa ya jukwaani, na nyumba ilikuwa ya mvinyo, lakini hakuna aliyelalamika. Ilipopendekezwa kazi hiyohiyo ipelekwe katika jumba la opera, Askofu wa London, Edmund Gibson, ambaye pia alisimamia Chapel Royal, aliwakataza watoto hao wasiigize huko, hata kwa kushika vitabu mikononi. Handel alitii kwa njia yake: tarehe 2 Mei aliitoa Esther katika King's Theatre bila kuigiza, waimbaji wakiwa wamesimama tu, huku Anna Strada, mwimbaji wa opera, akishika nafasi kuu ambayo mvulana aliishika kwenye taverna. Umbo hilo la hadithi takatifu iimbwayo na kwaya kwa ala za muziki bila matendo, ambalo huitwa oratorio, ndilo lililomzaa Messiah, na kwaya za makanisa ya Afrika Mashariki huimba sehemu zake hadi leo, hasa ile Haleluya. Ni vigumu kuepuka hitimisho kwamba askofu aliogopa jumba la maigizo kuliko nyumba ya pombe, na kwamba mpaka kati ya kitakatifu na kisicho kitakatifu ulipita mahali ambapo msomaji wa leo asingeuchora.

Wanamuziki wa mji huo walisaidiana pia. Kytch, mpiga zumari la obo aliyesifika, alipokufa fukara mwaka 1738, wenzake waliwaona wanawe wakiswaga punda wa maziwa barabarani, wakaanzisha mfuko wa kuwasaidia wanamuziki na jamaa zao, ambao Handel aliuachia pauni 1,000 katika wosia wake na ambao ungalipo kwa jina la Royal Society of Musicians. Katika ghorofa za Crown and Anchor kilikutana baadaye chama cha Anacreontic Society, ambacho mtunzi Haydn alikitembelea alipofika London mwaka 1791. Wimbo wa chama hicho, wa kusifu mvinyo na mapenzi, ulitungiwa tuni na John Stafford Smith, mwana wa mpiga kinanda wa kanisa kuu la Gloucester na mwimbaji wa Chapel Royal, na tuni hiyo ilivuka bahari, ikavishwa maneno mapya mwaka 1814, na tangu mwaka 1931 ndiyo wimbo wa taifa wa Marekani.

Kilichotenganisha kanisa na taverna hatimaye kilikuwa leseni. Sheria iliyoanza kutumika mwaka 1752, ambayo lengo lake lililotajwa lilikuwa kupunguza wizi, ilitaka kila nyumba ya muziki au dansi ndani ya kilomita 32 hivi za London ipate kibali cha mahakimu, na kwa hiyo ikamweka mpiga fidla wa kilabu jirani na mnyang'anyi. Sheria ya majumba ya maigizo ya mwaka 1843 ikawalazimisha wenye vilabu kuchagua kati ya kuonyesha tamthilia na kuuza vinywaji ukumbini. Wengi walichagua vinywaji na nyimbo, na kutokana na uamuzi huo wa kibiashara yakazaliwa majumba ya muziki kama Canterbury Hall, lililofunguliwa na mwenye kilabu Charles Morton huko Lambeth mwaka 1852, ambamo wafanyakazi walisikia vipande vya opera ya Faust mwaka 1859 kabla ya matajiri kuiona jukwaani. Masharti ya usalama ya mwaka 1878 yaligharimu fedha ambazo kumbi ndogo hazikuwa nazo, nyingi zikafungwa.

Katika karne ya 20 makanisa ya katikati ya mji, yaliyokwisha kupoteza waumini kwa sababu watu walihamia pembezoni, yalijaza saa za mchana kwa muziki. St Martin-in-the-Fields likatoa jina lake kwa okestra iliyoanzishwa mwaka 1958, na kanisa la St John's Smith Square, lililopigwa bomu mwaka 1941, likafunguliwa tena mwaka 1969 kama ukumbi. Baa nazo zilipewa msamaha mdogo na sheria ya mwaka 1961, iliyoruhusu wanamuziki wawili, si zaidi, kupiga bila kibali cha burudani, hata trio ya jazi ikawa kosa. Sheria ya mwaka 2003 iliufuta msamaha huo, ikitaka kibali hata kwa mpiga gita mmoja, lakini burudani yoyote inayofanyika katika nyumba ya ibada haikuhitaji kibali chochote. Hali hiyo ilidumu kwa baa mpaka Oktoba 2012, sheria mpya ya muziki iliporuhusu bendi kupiga kwa wasikilizaji wasiozidi 200, kati ya saa mbili asubuhi na saa tano usiku.