Mwandishi na Shahidi wa Mazinde

Ukitoka Mombo kuelekea Same, milima ya Usambara inakaa mkono wako wa kulia, imesimama wima, na chini yake umetandaa mkonge. Si mwendo mrefu unafika Mazinde. Abiria wengi hupapita wamesinzia. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 hapo ndipo alipokaa Semboja, mwana wa Kimweri ye Nyumbai, aliyeipa mgongo milima akachagua kukaa uwandani. Misafara ya Pangani ilipita uwandani, na bunduki na baruti zilikuja pamoja nayo. Miongoni mwa watu wake alikuwamo karani mmoja wa asili ya pwani, Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemy.

Mzee Kimweri alifariki mwaka 1862, na nchi aliyoitawala kutoka Vuga ikapasuka. Watoto na wajukuu walipigania kiti, Wabondei wakawaasi Wakilindi, yaani ukoo wa Kimweri, na watu wa kawaida wakakamatwa na kuuzwa pwani kulipia vita visivyowahusu. Abdallah alikuwa ndani ya mambo hayo. Ndiye aliyeandika Habari za Wakilindi, kitabu kilichochapwa kwa mafungu na misheni ya UMCA pale Magila mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, kikachapishwa tena mwaka 1962. Mwanzo wa kitabu ni habari za Mbegha, mwindaji aliyetoka Nguu akauanzisha ukoo huo, na hizo Abdallah alizipokea kwa wazee, kwa kuwa Mbegha aliishi zamani sana kabla yake. Kadiri kurasa zinavyosogea, msimuliaji anakaribia, mpaka unajikuta unamsikiliza mtu anayeeleza ya wakati wake mwenyewe, vita na mashauri ya watu aliowajua kwa sura.

Tofauti hiyo mahakama zetu zinaijua vizuri. Sheria ya Ushahidi ya Tanzania ya mwaka 1967 inataka ushahidi wa mdomo uwe wa moja kwa moja: aliyeona aseme aliyoyaona, aliyesikia aseme aliyoyasikia kwa masikio yake. Abdallah hakuandika kwa ajili ya mahakama, wala hakuwa mtu asiye na upande, maana alikula chakula cha Semboja. Hata hivyo bila yeye tungebaki na Usambara ya wageni tu, kama mmisionari Johann Ludwig Krapf aliyefika kwa Kimweri mwaka 1848 na tena 1852.

Jambo moja katika habari zake halisemwi vya kutosha. Kitabu kilipoanza kutoka, Wakilindi walikuwa wamekwisha kuvunjwa nguvu. Semboja alifariki mwaka 1895, na mwaka huohuo Wajerumani walimnyonga mwanawe Mputa, aliyekuwa Simba Mwene, yaani mtawala, wa Vuga, kwa kosa la kumuua mtu aliyetuhumiwa kuwa na uhusiano na mkewe. Kwa desturi ya Vuga, uhai wa raia ulikuwa mkononi mwa mtawala, na mvua pia iliaminiwa kuwa mikononi mwake. Miaka michache tu kabla ya hapo, nani angethubutu kueleza hadharani nani aliuzwa, na aliyemuuza ni nani? Naamini kilichomlinda Abdallah kuliko kitu kingine chochote ni kwamba wale ambao wangemdhuru walikuwa wamekufa au hawana nguvu tena. Ulinzi wa namna hiyo huwa unachelewa mno kwa walioumizwa.

Na si kwamba jamii zetu hazikujua wajibu wa kumlinda shahidi. Aya ya 282 ya Surat al-Baqara, ndefu kuliko zote katika Kurani, inahusu madeni: yaandikwe, wawepo mashahidi, mashahidi wasikatae wakiitwa, na asidhuriwe mwandishi wala shahidi. Wawili hao wametajwa pamoja, na ulinzi wao umewekwa palepale ulipowekwa wajibu wao. Makanisa ya milimani, tangu Walutheri wa misheni ya Bethel walipofika Mlalo mwaka 1891, yamefundisha vizazi amri inayokataza kumshuhudia jirani uongo. Ndoa haifungwi bila mashahidi, iwe msikitini au kanisani. Shamba likiuzwa, karatasi huwa na safu mbili chini, mashahidi wa muuzaji na mashahidi wa mnunuzi, na asiyejua kuandika huchovya dole gumba kwenye wino akaligandamiza pembeni ya jina lake. Watu huona fahari kuitwa kwenye karatasi hiyo, na soda hunywewa.

Fahari huisha mtu akipigwa usiku. Hapo majibu yanafanana kila mtaa: mimi nilikuwa nimelala, mimi sijaona kitu, msiniingize kwenye kesi. Sitaki kuwaita waoga. Anayejibu hivyo anajua nyumba ya mshitakiwa ni ya tatu kutoka kwake na watoto wao wanasoma darasa moja.

Serikali iliwahi kulikabili jambo hilo uso kwa uso. Mwezi Machi 2009, mauaji ya watu wenye ualbino yalipotisha nchi, Rais Jakaya Kikwete alizindua kura ya siri ya kuwataja wahusika. Mwananchi aliandika anayemshuku, akatumbukiza karatasi sandukuni, akarudi kwake bila kujulikana. Nilielewa kilichosukuma uamuzi ule, na bado naona ulikuwa na hatari yake, kwa sababu sanduku halihojiwi. Mwenye chuki na jirani kwa ajili ya mpaka wa shamba angeweza kumtaja, na aliyetajwa asingekuwa na mtu wa kumuuliza umeniona wapi.

Namna ya kumficha shahidi na bado akahojiwa tuliiona Arusha. Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda, iliyoundwa mwaka 1994 na kufungwa mwishoni mwa 2015, ilisikiliza mashahidi zaidi ya 3,000. Wengi waliitwa kwa herufi, wakakaa nyuma ya pazia wasionekane na watu waliokuja kusikiliza, huku mawakili wa utetezi wakiwajua na kuwahoji kwa saa nyingi. Mwaka 1998, katika hukumu ya Jean-Paul Akayesu, ushahidi wa wanawake wa Taba waliotambulishwa kwa herufi hizo uliifanya dunia ikubali kwa mara ya kwanza mahakamani kwamba ubakaji unaweza kuwa mauaji ya kimbari. Adui wa shahidi hakuwa kisu peke yake. Juni 2021, palepale Arusha, mbele ya chombo kilichorithi kazi ya mahakama ile, Augustin Ngirabatware, waziri wa zamani wa Rwanda, alifungwa miaka miwili kwa kushiriki mpango wa kuwashawishi mashahidi wakane waliyokuwa wameyasema dhidi yake. Fedha ilitumika.

Kwetu tuna Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015, inayokataza mtu kufukuzwa kazi, kubaguliwa au kutishwa kwa sababu amesema. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai nayo inaruhusu mahakama, Mkurugenzi wa Mashtaka akiomba, kuficha jina la shahidi au kumsikiliza kwa njia ya video. Mwaka 2021 Kiswahili kikafanywa lugha ya sheria na mahakama. Kabla ya hapo, kuanzia mahakama ya wilaya kwenda juu, shahidi alisema kwa Kiswahili na hakimu akaandika kwa Kiingereza, kwa hiyo maneno yaliyopimwa na majaji wa rufaa hayakuwa yale yaliyotoka kinywani mwake. Abdallah bin Hemedi aliandika kwa Kiswahili zaidi ya karne moja nyuma, na maneno yake tunayo katika lugha aliyoyaandika.

Lakini vifungu hivyo vya ulinzi vimeshonwa kwa kesi kubwa. Mama aliyeona wizi wa mifugo karibu na Mombo hatapewa herufi wala pazia, na hata akipewa, mtaa mzima utamjua kwa sauti. Kesi ikiahirishwa, yeye na mshitakiwa aliye nje kwa dhamana hurudi nyumbani kwa basi moja. Ikiahirishwa mara ya nne, nauli imekwisha, shughuli za shamba zimelala, na shemeji wa mshitakiwa amekwisha kuja kuongea naye kwa upole. Huyu anahitaji asikilizwe siku aliyoitwa, arudishiwe nauli yake kabla hajatoka mahakamani, na akipiga simu kituoni usiku kwamba ametishwa, askari afike usiku huohuo.