Jina Linalounguza Giaboksi

Fundi wa giaboksi akikuuliza gari linafanyaje, usimjibu kwa nomino. "Giaboksi imekufa" ni taarifa ya msiba; haimsaidii kitu. Anachotaka ni kitenzi, na kwa vitenzi Kiswahili hakina njaa. Gia inateleza: injini inapaza sauti, gari halivuti. Inachelewa: inaingia, lakini wakati wake umeshapita. Inagonga: inaingia kwa kishindo hadi abiria anatikisika. Inakataa: haiingii kabisa. Kila kitenzi kina ugonjwa wake. Anayesema "inasumbua tu" ajiandae kununua giaboksi nyingine.

Nomino ndizo zinazotuponza. Chukua pikapu ya Chevrolet C10 ya katikati ya miaka ya 1980, yenye giaboksi ya otomatiki ambayo General Motors waliiita 700R4. Ilianza na magari ya mwaka 1982, ikiwa na gia nne za mbele. Ubavuni mwake inaingia kebo nyembamba itokayo kwenye kabureta. Wamarekani huiita kebo ya TV. Herufi hizo ni kifupi cha jina la vali iliyomo ndani, televisheni haihusiki. Wengine wengi, hukohuko Marekani, huiita kebo ya kikidauni, na hapo ndipo pesa za watu zinapoteketea.

Kikidauni ni gari kushuka gia ghafla pale dereva anapokanyaga mafuta hadi mwisho ili alipite lori. Kwenye Turbo-Hydramatic 350, giaboksi ya gia tatu iliyotangulia, kebo ilikuwa na kazi hiyo moja. Ikikatika ulikosa nguvu ya kulipita lori, basi, safari iliendelea. Ikaja 700R4 na kebo ya kufanana na ile, ikarithi jina lake, lakini kazi ikawa kubwa zaidi. Kebo hii ndiyo inayoieleza giaboksi dereva amekanyaga mafuta kiasi gani, na kwa taarifa hiyo presha ya oili ndani hupanda au kushuka. Presha hiyo ndiyo inayobana klachi.

Sasa mwenye kuliamini jina akikuta kebo imelegea hujisemea kwamba yeye hana haraka ya kupita malori, akaendelea kuendesha. Gia zinaingia mapema, tena laini, za kupendeza. Chini ya ulaini huo klachi hazibanwi sawasawa. Zinateleza, zinachemka, zinaungua. Ya gia ya tatu na ya nne mara nyingi ndiyo hutangulia. Kebo ikivutwa kupita kiasi mambo hugeuka: gia zinachelewa, na zikiingia zinagonga. Hata aliyefunga kabureta ya kampuni nyingine anaweza kuharibu hesabu yote, kwa sababu mkono wa kabureta hiyo hauivuti kebo kwa kipimo kilekile.

Utaniuliza: klachi gani, na gari la oto halina klachi? Halina pedeli ya klachi. Ndani zimo, pakiti kadhaa za sahani nyembamba zinazoogelea kwenye oili.

Na oili nayo ina kesi yake. Ukimtuma kijana dukani akuletee "oili ya gia", anaweza kurudi na ile nzito ya namba 90, ya difu. Giaboksi hii inataka Dexron, oili nyepesi iliyotiwa rangi nyekundu. Itaje kwa jina hilo. Ipime wakati injini ni ya moto na inaunguruma kwenye sailensa, yaani bila kukanyaga mafuta, mkono wa gia ukiwa kwenye P. (Hicho ni Kiswahili cha gereji za Tanzania, Mkenya akisikia sailensa atainama atazame bomba la moshi.) Ukiikuta imekuwa ya kahawia na inanuka kuungua, kebo umeichelewa.

Istilahi ninayoipenda kuliko zote hapa ni gavana. Mkenya ana gavana wa kaunti, na tangu kanuni za matatu zilizoanza kutekelezwa mwaka 2004 ana spidi gavana pia, kifaa cha kulizuia gari lisikimbie. Mwambie gavana ya giaboksi yake imeharibika, atadhani gari sasa litakimbia ovyo. Kumbe kinyume chake. Gavana ya 700R4 huzungushwa na shafti inayopeleka nguvu nyuma, na ndiyo inayotoa habari ya mwendo ili gia zipande. Gia yake ndogo ya plastiki ikiliwa meno, habari haifiki: pikapu inabaki kwenye gia ya kwanza, injini inalia, na mwenye gari anaambiwa afungue giaboksi nzima. Asikubali kabla gavana haijachomolewa na kutazamwa. Inafikiwa kwa kufungua kifuniko chake cha nje.

Kurekebisha kebo yenyewe ni kazi ndogo. Injini ikiwa imezimwa, bonyeza kitufe cha kufuli kilicho upande wa kabureta, rudisha kitelezi nyuma hadi mwisho, achia, kisha vuta mkono wa kabureta hadi mafuta yafunguke yote. Kebo itajipima yenyewe. Baada ya hapo endesha, usikilize gia zinavyopanda kwa mguu mwepesi na kwa mguu mzito. Mguu mzito usipozichelewesha, rudi ukaikague tena kabla hujabeba mzigo.

Kuanzia mwaka 1993 General Motors walianza kuiondoa kebo hiyo, kazi yake wakaipa umeme, giaboksi ikaitwa 4L60-E. Lakini pikapu zenye kebo bado ziko barabarani, na mafundi wetu walioko Marekani wanazifungua. Kwa hiyo napendekeza tuiite kebo ya presha. Mwenye jina bora zaidi alilete, ila kikidauni tuliache kwenye giaboksi ya gia tatu.