Ua la Jangwani: Jiwe la Jasi na Namna ya Kulitambua

Katika nyumba nyingi za watu wetu hapa Riyadh na kule Jeddah utaliona juu ya kabati: jiwe la rangi ya mchanga, lenye vipande vyembamba vilivyopandana kama waridi. Wazee wengine walitusimulia kuwa ni ua lililogeuka jiwe. Sivyo. Ni jasi, ile ile ya mapambo ya dari, inayochimbwa pia Makanya na Itigi kule Tanzania.

Hufanyika kwenye sabkha, ardhi ya chumvi ambayo maji yake yapo karibu na uso. Jua likiyakausha, jasi iliyoyeyuka huganda na kukamata mchanga ndani yake.

Jasi safi hukwaruzika kwa ukucha. Kwa ua la jangwani kipimo hiki hudanganya, maana chembe za mchanga ni ngumu sana. Tafuta ukingo unaong'aa. Siki nayo husaidia: matumbawe ya nyumba za kale za Al-Balad, Jeddah, kama yale ya Mji Mkongwe, hutoa povu yakitiwa siki. Jasi haitoi. Mimi napenda kipimo cha kikaango. Weka kipande kidogo kilichovunjika juu ya moto, ufunike kwa kifuniko cha kioo, utaona jasho. Kiasi cha asilimia 21 ya uzito wa jasi ni maji. Skuli ya misheni tulikariri majina ya madini, lakini hakuna aliyetuonyesha hili.

Nimeyajua mengine kwa hasara. Marehemu mke wangu aliokota ua lake Mkoa wa Mashariki, nasi tukalihifadhi miaka mingi. Baadaye likakaa kwa binti yetu Jeddah. Mwaka jana nikalikuta limekuwa butu kama kipande cha sabuni. Binti yangu alikwisha kumshuku dada wa kazi kuwa ameuza la asili na kuweka la bandia, na tiketi ya kumrudisha kwao ilikuwa inatafutwa.

Nikauliza linasafishwaje. Kila Ijumaa, bombani, kwa amri ya binti yangu mwenyewe. Lita moja ya maji huyeyusha jasi gramu 2 na kitu. Nikaligeuza: upande wa chini, ambako maji hayakufika sana, kingo zilikuwa bado kali, na pale palikuwa na gundi niliyoitia kwa mkono wangu petali moja ilipovunjika.

Binti yangu alimwomba radhi yule dada mbele yangu. Sasa jiwe hufutwa vumbi kwa brashi kavu.