Kofia Moja, Vichwa Viwili: Kumsoma Upya Kardinali Rugambwa

Wanafunzi wa fasihi tumezoea kuuliza kama mhusika ni bapa au duara. Cha ajabu, tukiingia kwenye historia swali hilo tunaliacha mlangoni. Makala haya yanakusudia kulirudisha kwa kumtazama Laurean Rugambwa, ambaye wengi wanamjua kwa sentensi moja tu: kardinali wa kwanza Mwafrika mweusi katika zama zetu.

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1512 alizaliwa Henrique, mtoto wa mfalme wa Ureno, nchi iliyoivamia Kilwa mwaka 1505. Alianza kuongoza mahakama ya kuwasaka wazushi wa dini mwaka 1539, na ukardinali akaupata mwaka 1545. Mwaka 1560 mahakama hiyo ilifunguliwa Goa, ambako ndiko Wareno walikotawalia pwani yetu. Mwaka 1578 akawa mfalme. Mwaka 1580 akafa bila mrithi. Ureno ikaangukia mikononi mwa mfalme wa Hispania, na chini ya utawala huo Ngome ya Yesu ikaanza kujengwa Mombasa mwaka 1593. Huyo hakuwahi kuikanyaga pwani, lakini mkono wake ulifika.

Miaka 400 baada ya Henrique, yaani 1912, Rugambwa alizaliwa Buhaya. Alibatizwa mwaka 1921, akasoma Rubya na Katigondo, akawa padre mwaka 1943, akaenda Roma kusomea sheria za Kanisa, akawekwa wakfu kuwa askofu mwaka 1952. Machi 1960 Papa Yohane XXIII alimvika kofia nyekundu, Tanganyika ikiwa bado chini ya Mwingereza.

Hapo wasimulizi wengi wanaweka nukta. Eti hadithi imekwisha! Hivi ile miaka 37 aliyoishi baadaye tuipeleke wapi? Alishiriki Mtaguso wa Pili wa Vatikano (1962–1965) na alipiga kura katika chaguzi tatu za mapapa. Desemba 1968 aliteuliwa Askofu Mkuu wa Dar es Salaam. Mwaka uliofuata Sheria ya Elimu ikaziweka shule za misheni mikononi mwa serikali. Huo ndio mgogoro mkuu wa wasifu wake: kiongozi wa Kanisa ndani ya nchi ya Ujamaa, akiwa mwananchi na si mgeni. Alidumu hapo hadi 1992, akafariki Desemba 1997.

Tena huo "ukwanza" wenyewe una ngazi. Joseph Kiwanuka wa Masaka alikuwa askofu tangu 1939. Kwetu Singida, jimbo lilipoundwa mwaka 1972, askofu wake wa kwanza alikuwa Bernard Mabula, Mwafrika, na jambo hilo lilionekana la kawaida. Kipimo cha Rugambwa na wenzake ni hicho: kilichokuwa ajabu mwaka 1952, baada ya miaka 20 kilikuwa desturi.

Henrique alizaliwa ndani ya mamlaka. Rugambwa aliyakuta mikononi mwa wengine. Tukimsifu kwa tarehe moja tu ya 1960, tunawasifu waliompa kofia, na kazi ya aliyeivaa inabaki bila mhakiki.