Ini: si pombe peke yake, wala si kurogwa

Wadau, mtu akifa kwa ugonjwa wa ini, msibani utasikia mawili. Kama alikuwa mnywaji, pombe imemmaliza. Kama hakunywa na tumbo lilijaa maji, basi karogwa. Historia ina jibu la tatu.

Tarehe 1 Machi 1963, mjini Denver, Marekani, Dk. Thomas Starzl alimpandikizia ini mtoto wa miaka 3 aliyezaliwa na njia za nyongo zilizoziba. Mtoto alivuja damu akafia mezani. Waliofuata nao wakafa, Starzl akasitisha. Mwaka 1967 akajaribu tena, na safari hii mtoto mmoja akaishi zaidi ya mwaka. Hata hivyo, mpaka ilipokuja dawa ya saiklosporini, miaka ya 1980, ndipo mwili ulipozuiwa vizuri usilikatae ini la mtu mwingine.

Miaka hiyo hiyo ya 1960, Mmarekani mwingine, Baruch Blumberg, alikuwa anachunguza damu za watu wa mataifa mbalimbali. Katika damu ya mwenyeji wa asili wa Australia akakuta kitu kigeni. Baadaye ikajulikana ni sehemu ya kirusi cha homa ya ini aina B. Mwaka 1976 akapewa Tuzo ya Nobel, na mwaka 1981 Marekani ikaidhinisha chanjo ya kwanza.

Kirusi hiki hukaa kimya. Mtu mzima akiambukizwa, mara nyingi mwili hukishinda. Mtoto mchanga akikipata kwa mama yake, asilimia 90 hivi hubaki nacho. Miaka inapita, ini linajaa makovu na kusinyaa, au linapata saratani, hasa kama chakula nacho kina sumukuvu. Kirusi C, pombe na mafuta kwenye ini huleta makovu hayo hayo. Ini likishindwa kabisa, kinachobaki ni kupandikiza, na wangapi kati yetu wana pesa hizo?

Tanzania ilianza kuwachanja watoto wachanga mwaka 2002. Maana yake wewe uliyezaliwa kabla ya hapo huenda hujawahi kuchanjwa. Nenda kapime damu. Ukikutwa huna, omba chanjo. Ukikutwa nacho, dawa za kukituliza zipo, na mwenzi wako na watoto wapimwe pia. Msiba mmoja ukipungua, tutakuwa tumefanya kazi.