Mkoba wa Mganga na Mkono wa Serikali

Agosti 1905, huko Mohoro upande wa Rufiji, Wajerumani walimnyonga Kinjikitile Ngwale, mganga wa Ngarambe. Dawa yake ilikuwa maji yaliyochanganywa na mafuta ya mbarika na punje za mtama, na walioitumia waliamini kwamba risasi za Mjerumani zingegeuka maji. Vita vya Majimaji viliendelea hadi 1907, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko bunduki. Tangu wakati huo serikali zilizotutawala zimemtazama mganga kwa hofu, kwanza kama mtu mwenye watu nyuma yake. Dawa aliyobeba imetazamwa baadaye sana, na mgonjwa anayeinywa amekuwa wa mwisho kukumbukwa.

Mwingereza naye alirithi hofu hiyo. Sheria ya Uchawi ya 1922, iliyotungwa upya 1928, ilimpa mkuu wa wilaya uwezo wa kumhamisha anayetuhumiwa uchawi akaishi mahali pengine. Pia ilifanya kumiliki vifaa vya uchawi kuwa kosa. Sasa fikiria mkoba wa mganga wa siku zile: tunguri, magome, pembe, mizizi iliyofungwa kwa kamba. Karani wa boma angetofautishaje pembe ya kutilia dawa ya tumbo na pembe ya kurogea? Wakati huohuo sheria za madaktari ziliacha mwanya: aliyetambuliwa na jamii yake kuwa mjuzi wa tiba za kienyeji aliruhusiwa kutibu, mradi asihatarishe maisha. Kwa hiyo mganga yuleyule alivumiliwa na sheria moja na kutishiwa na nyingine, na hakuna hata moja iliyouliza ndani ya kibuyu mna nini.

Uhuru haukubadilisha mambo upesi. Mpaka mwishoni mwa miaka ya 1980 shughuli za waganga zilikuwa chini ya wizara ya utamaduni, si ya afya. Badiliko kubwa lilianzia hospitali ya Muhimbili. Mwaka 1974 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifungua hapo kitengo cha utafiti wa dawa za asili, ambacho mwaka 1991 kilifanywa taasisi kamili. Watafiti walikwenda kwa waganga, wakaonyeshwa miti, wakaandika jina la mti, sehemu inayotumika, ugonjwa unaotibiwa na namna ya kuandaa dawa. Kazi ile haikupata sifa inayostahili. Hapo taasisi ya umma ilikaa na mganga kumsikiliza, si kumhoji.

Lakini waganga wengi walificha, nao walikuwa na haki. Mzizi ni mali ya ukoo, aliuacha babu. Ukishaandikwa kwenye daftari la mtafiti, nani atazuia kiwanda kuutengenezea vidonge na kuviuza bila mwenyewe kupata hata senti? Serikali inayodai kuijua dawa bila kuilinda siri ya mwenye dawa inawafukuza wataalamu wa kweli na kubaki na matapeli, maana tapeli hana siri ya kupoteza.

Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, Namba 23 ya mwaka 2002, ilianzisha Baraza la kusajili waganga na kusimamia dawa zao. Ilikuwa hatua njema. Hata hivyo hofu ya zamani haikuondoka. Mauaji ya watu wenye ualbino yaliposhamiri, mwaka 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alifuta leseni za waganga wote. Uchungu ule ulikuwa wa haki, kwa sababu wapiga ramli waliochochea mauaji walistahili jela. Lakini mkunga wa jadi na mtabibu wa mifupa waliadhibiwa pamoja nao.

Kisha mwaka 2011 likaja la Samunge, Loliondo. Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, alichemsha mizizi ya mti uitwao mugariga na kutoa kikombe kimoja kwa shilingi 500, kwa ukimwi, kisukari, saratani na mengineyo. Foleni ya magari ilizidi kilomita 20. Wagonjwa walitolewa wodini wakafia njiani, na wako walioacha dawa za kufubaza virusi. Mamlaka zilipima zikasema kinywaji kile si sumu. Sawa, lakini aliyeacha vidonge vyake alihitaji kujua kama kinaponya, na jibu la swali hilo hutaka miezi ya kuwafuatilia wagonjwa. Viongozi, nao wakinywa kikombe mbele ya kamera, walilijibu siku hiyohiyo.

Ndiyo maana nasema serikali isimamie, na isimamie kwa ukali, lakini mkono wake uiguse dawa na madai yake. Aombe apendavyo mganga, avae apendavyo. Anayeuza chupa aseme mna nini, kipimo chake ni kipi, mjamzito anywe au asinywe, na isichanganywe na dawa gani ya hospitali. Anayetangaza kwamba anaponya saratani athibitishe au anyamaze. Figo na ini haviulizi kama dawa ni ya asili au ya kiwandani.

Na kanuni hiyo iifunge serikali yenyewe. Mei 2020, wakati wa korona, Waziri wa Mambo ya Nje Palamagamba Kabudi alikwenda Madagascar kuchukua kinywaji cha mitishamba kilichokuwa kikisifiwa na rais wa huko, na taasisi yetu ya utafiti wa magonjwa ya binadamu ikatoa cha kwake kiitwacho NIMRCAF. Serikali iliyomdai mganga wa kijijini usajili na vipimo ilikuwa sasa yenyewe na dawa mkononi. Mwananchi aliyepewa chupa ile alistahili maelezo yaleyale: mna nini, imejaribiwa kwa nani, na matokeo yalikuwaje.