Mwanamke ugenini: Jinsi ya kujikinga na unyanyasaji nchini Misri

WAHENGA walinena kwamba mgeni ni kuku mweupe. Popote aendapo huonekana, na macho ya wenyeji humfuata hatua baada ya hatua. Kwa mwanamke anayezuru nchi ya kigeni peke yake, methali hii ina uzito zaidi, kwani si kila jicho linalomfuata lina nia njema.

Misri ni mfano ulio wazi. Kila mwaka mamilioni ya wageni humiminika huko kutazama piramidi za Giza, mahekalu ya Luxor na fuo za Bahari ya Shamu. Wengi hurejea makwao na kumbukumbu tamu. Lakini mwanamke anayekwenda bila kujitayarisha huenda akapigiwa mbinja, akafuatwafuatwa, akatupiwa maneno ya karaha au hata kupapaswa katika msongamano wa watu.

Wamisri huliita tatizo hilo "taharrush". Utafiti wa kituo kimoja cha kutetea haki za wanawake nchini humo mnamo 2008 ulibainisha kuwa asilimia 98 ya wanawake wa kigeni waliohojiwa walikuwa wamenyanyaswa. Mnamo 2013, uchunguzi wa shirika la Umoja wa Mataifa la kushughulikia wanawake ulionyesha kuwa zaidi ya asilimia 99 ya wanawake wa Misri waliohojiwa walikuwa wamekumbana na unyanyasaji wa namna moja au nyingine.

Lawama si ya mavazi

Utafiti huo wa 2008 ulifichua jambo jingine: wengi wa Wamisri waliodhulumiwa walikuwa wanawake waliovaa hijabu. Kwa hivyo, hoja kwamba mwanamke hujitafutia balaa kwa mavazi yake haina mashiko.

Wakenya nao hawana la kujivunia katika suala hili. Mnamo Novemba 2014 mamia ya wanawake waliandamana jijini Nairobi baada ya wenzao kuvuliwa nguo hadharani na wanaume waliojifanya walinzi wa maadili.

Hata hivyo, kuvaa kwa kuzingatia desturi za wenyeji kuna manufaa. Nguo pana inayofunika mabega na magoti, pamoja na mtandio mwepesi mkobani, humwezesha mgeni kuingia misikitini bila kizuizi na hupunguza macho ya watu. Ni heshima kwa mwenyeji, wala si hirizi ya kumzuia mhalifu.

Isitoshe, mwanamke mweusi anaweza kutupiwa maneno ya kejeli kuhusu rangi yake. Ni vyema ajue hilo mapema ili lisimvunje moyo.

Sheria ilivyobadilika

Kwa miaka mingi walionyanyaswa walinyamaza kwa kuhofia aibu. Mnamo Juni 2008 mwanamke aitwaye Noha Rushdy alipapaswa na dereva wa gari jijini Cairo. Alimng'ang'ania dereva huyo hadi akafikishwa polisi, ijapokuwa baadhi ya wapita njia walimsihi amwachilie. Oktoba mwaka huo mahakama ilimhukumu mwanamume huyo kifungo cha miaka mitatu, hukumu iliyofungua ukurasa mpya katika historia ya nchi hiyo.

Mnamo Juni 2014 unyanyasaji huo ulitajwa waziwazi katika sheria ya jinai, na kuadhibiwa kwa kifungo kisichopungua miezi sita, faini, au vyote viwili. Sheria hiyo inahusu vitendo, maneno na ishara, hata kwa njia ya simu. Mnamo 2020 ilipitishwa sheria ya kuficha majina ya walalamishi. Mwaka uliofuata adhabu iliongezwa hadi kifungo cha kati ya miaka miwili na minne, faini ya pauni 100,000 hadi 200,000 za Misri, au vyote viwili.

Maana yake ni kwamba mgeni anayepiga ripoti haombi fadhila. Anadai haki iliyoandikwa.

Kabla ya safari

Maandalizi huanzia nyumbani. Msafiri amwachie jamaa anayemwamini nakala ya pasipoti, jina la hoteli na ratiba ya safari. Ahifadhi katika simu, na pia katika karatasi, nambari ya ubalozi wa Kenya jijini Cairo, ya polisi, 122, ya polisi wa watalii, 126, na ya ambulensi, 123.

Ni busara kuchagua ndege inayotua mchana na hoteli ambayo mapokezi yake huwa wazi usiku kucha. Anapofika, anunue laini ya simu ya huko, kwani simu isiyo na mawasiliano haina faida.

Barabarani na garini

Treni za mjini Cairo, ambazo ziliasisiwa mnamo 1987 zikiwa za kwanza za chini ya ardhi barani Afrika, zina mabehewa ya wanawake katikati ya kila treni. Msafiri atazame alama zilizoko kituoni na asimame karibu na wanawake wenzake. Nyakati za usiku baadhi ya mabehewa hayo huruhusu wanaume, kwa hivyo asome maandishi kwanza.

Katika matatu za huko, akae kando ya mwanamke. Teksi inayoitishwa kwa simu, mathalan Uber, ina nafuu kwa sababu jina la dereva na nambari ya gari hubaki kwenye rekodi. Akae kiti cha nyuma, na amtumie jamaa yake maelezo hayo safari inapoanza.

Huko Giza, wenye ngamia na farasi ni wepesi wa kumzonga mgeni. Asikubali mwenye mnyama kupanda nyuma yake, wala asiongozwe mahali pasipo na watu. Vivyo hivyo, asipande mashua peke yake kwenye Mto Nile jua linapotua.

Hotelini, asitaje nambari ya chumba mbele ya watu. Mtu akibisha akidai kuwa mhudumu, apige simu mapokezi kabla ya kufungua mlango.

Maneno ya kumwokoa

Hapa Mkenya ana bahati ambayo watalii wengi hawana. Maneno mengi ya Kiswahili yana asili ya Kiarabu, na yale anayoyahitaji tayari anayajua nusu nusu.

"La, shukran" hutosha kukataa, na aliseme bila kusimama wala kutabasamu. Akisumbuliwa zaidi, apaze sauti: "Aib!", neno ambalo Wamisri hulitamka karibu na "eeb". Ndilo asili ya aibu yetu, na mbele ya umati huwa na makali. "Haram!" pia linaeleweka mara moja. Akihitaji msaada, aseme "saidni", yaani nisaidie.

Maneno haya humhamishia mkosaji fedheha. Wazee, wenye maduka na akina mama mara nyingi huingilia kati wanapoyasikia, mradi mgeni asione haya kuyatamka.

Likitokea la kutokea

Aliyeshambuliwa kwanza atafute usalama: aingie dukani, au ajiunge na familia au kundi la wanawake. Kisha aandike saa, mahali, sura ya mshambulizi na nambari ya gari. Picha ichukuliwe iwapo haitamhatarisha.

Apige ripoti angali nchini humo, kwani kesi huhitaji ushahidi wake, na aombe nambari ya ripoti. Ubalozi hauwezi kuingilia mahakama, lakini unaweza kumwelekeza kwa mawakili na kuwasiliana na familia.

Aliyebakwa asioge wala kufua nguo alizovaa kabla ya kuonwa na daktari. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi sharti zianzwe ndani ya saa 72, na kadiri zinavyoanzwa mapema ndivyo zinavyofaa. Za kuzuia mimba hazipaswi kuchelewa zaidi ya siku tano.

Muhimu kuliko yote, asijilaumu. Noha Rushdy aliambiwa asamehe, aende zake. Hakukubali, na leo mgeni anayetua Cairo anakuta sheria ambayo yeye hakuwa nayo.